Mashine Iliyomwamkia Mama

Watu wengi hudhani wivu ni wa wapenzi tu. Hao hawajawahi kuishi nyumba moja na wifi mwenye sauti nzuri kuliko yao. Mimi ninaishi naye hapa Ruhuwiko mpaka leo, na sina mpango wa kujifanya kwamba moyo wangu ni mweupe.

Kazi yangu ni redio. Nasoma habari na matangazo katika kituo kimoja cha hapa Songea, na kilichonifanya nijulikane ni matangazo ya vifo. Mtu asiyejua mambo ya huku anaweza kucheka, lakini tangazo la kifo ni kazi nzito. Familia inaleta karatasi iliyojaa mashemeji na wajukuu kutoka Mbinga mpaka Tunduru, na ukiruka jina moja tu, hata la binamu wa mbali, kesho yake ugomvi unakufuata studio. Mimi sikuwahi kuruka jina. Sauti yangu ni nzito na imenyooka, kila neno linakaa mahali pake. Nikinunua nyanya sokoni, muuzaji akinisikia naongea alikuwa anashtuka na kuuliza nani tena amefariki. Nililipenda sana hilo.

Wifi yangu ni dada wa mume wangu, kitinda mimba wao. Alikuja kukaa kwetu baada ya kumaliza chuo na kuzunguka na vyeti vyake bila mafanikio. Mimi ndiye niliyempeleka redioni. Mimi ndiye niliyemfundisha kukaa mbele ya kipaza sauti, kupumua kwa mpango, kutokunywa chai huku anaongea. Nasisitiza hapa kwa sababu watu wamesahau. Akapewa kipindi cha salamu cha mchana, kile ambacho mtu wa Matogoro anamsalimia shemeji yake na majirani wote bila kusahau mwenye duka. Alikiendesha kwa Kiswahili chake cha nyumbani, Kingoni kimejaa ndani, anavuta maneno mwishoni na kucheka katikati ya sentensi. Nilimsahihisha mpaka nikachoka.

Kisha wakaja wageni kutoka Dar es Salaam, vijana wenye kompyuta na adabu nyingi. Walikuwa wanatengeneza huduma ya simu kwa wakulima wa mkoa wetu. Unapiga namba, unauliza kwa mdomo wako jinsi ya kumjua mdudu aliyeingia kwenye mahindi, au lini tumbaku iko tayari kuchumwa, au dawa ya mikorosho inapulizwa wakati gani, na mashine inakujibu yenyewe. Wakubwa wanaiita akili mnemba, wengine akili bandia. Kilichowaleta redioni kwetu ni sauti. Walitaka mashine yao iongee kama mtu wa huku, kwa hiyo watangazaji wote tukaambiwa tusome mbele yao ili wachague.

Nilijiandaa kama bi harusi. Nilikunywa maji ya moto yenye ndimu, nikavaa kitenge changu kipya, ingawa hakuna aliyekuwa anachagua kitenge. Nilisoma maelezo yao ya mbolea bila kukwama hata mara moja. Wifi yangu aliingia baada yangu, akakosea mstari wa kwanza, akacheka, akasema "samahanini jamani," akaendelea. Wakamchagua yeye.

Binti mmoja kati yao aliona uso wangu, akanifuata koridoni.

"Dada, sauti yako ni nzuri sana," akaniambia. "Ila ni ya kutangaza. Sisi tunatafuta sauti ambayo mkulima akiisikia anajiona yuko nyumbani."

Nilimshukuru. Nilirudi nyumbani nikapika pilau ya kumpongeza wifi, kwa sababu mume wangu alikuwa ananiangalia. Niliipika kwa hasira, ikatoka tamu ajabu, na hilo nalo likaniudhi.

Kwa wiki kadhaa alikuwa anakwenda kurekodi. Baadaye hawakumhitaji tena, kwa sababu mashine ilikuwa imeshamshika. Siku moja mezani akatueleza, macho yamemtoka, kwamba ameisikia ikisema sentensi ambayo yeye hajawahi kuisema maishani mwake.

"Ni mimi kabisa, wifi," akasema. "Mpaka kile kicheko."

Mume wangu akasema sasa ana wadogo wawili, na huyu wa pili hali ugali wetu. Wote wakacheka. Mimi nilikuwa nawaza kwamba mkoa mzima, kutoka kwetu mpaka mpakani, mtu akinyanyua simu anamsikia yeye. Miaka yote ile nimewasomea watu misiba yao, na hakuna aliyewahi kunipigia ili anisikie tu.

Hayo yote ningeyameza. Nilishaanza kuyameza. Lakini namba ile ikamfikia mama yangu.

Mama anaishi peke yake kijijini, ndani kidogo kutoka Namtumbo mjini, tangu baba alipotutoka. Analima mahindi na tumbaku kidogo, na bani la kukaushia tumbaku analolitumia alilijenga baba kwa mikono yake. Mimi ni mtoto wake pekee wa kike. Nilikuwa nampigia kila Jumapili nikitoka kanisani. Namuuliza kama mvua imenyesha, kama mbolea ameweka, kama dawa za presha anakunywa. Ananijibu kwa kifupi, tunaagana. Sikuona ubaya wowote, tulizoea hivyo. Halafu ikaanza tabia kwamba nikipiga naambiwa simu inatumika. Napiga tena, inatumika. Nikajiuliza mama yangu, mwanamke asiyependa simu, anaongea na nani.

Nilipata jibu siku za mapumziko, tulipokwenda kumtembelea. Wifi aliomba tufuatane, akasema hajamwona mama siku nyingi. Tukashuka kwenye basi, tukapanda bodaboda mpaka nyumbani kwa mama. Mama alikuwa anapepeta mahindi. Alipotuona akatupa ungo chini na kukimbia, mama yangu mwenye mguu mbovu, akakimbia mikono imefunguka. Nikafungua yangu. Akanipita, akamkumbatia wifi.

"Umekuja mwanangu! Na ulisema hutaweza!"

Wifi akaniangalia juu ya bega la mama. "Nilisema lini, mama?"

"Si juzi tu! Nimekwambia njoo tuchume tumbaku wote, ukanijibu, samahani mama, hilo siwezi kukusaidia. Nikasema basi, labda kazi zimembana."

Tulielewa wote wawili kwa wakati mmoja. Wifi akajifunika mdomo. Mimi sikucheka. Kila nilipokuta simu inatumika, mama yangu alikuwa amekaa kwenye kigoda chake anaongea na mashine, akidhani anaongea na wifi yangu.

Wifi, nisimdhulumu, alijaribu kumweleza. Akamshika mkono, akamketisha mkekani, akamwambia, "Mama, ile ni mashine. Mimi niliwapa sauti tu. Ukiongea pale mimi sikusikii."

Mama akacheka mpaka akafuta machozi. "Mashine gani inayojua shikamoo? Kila nikipiga unaniamkia. Hata nikikata nikapiga tena saa ileile, unaniamkia upya. Watoto wa siku hizi wanapita hapa barabarani wananisalimia, 'Mambo, bibi.' Mambo! Wewe una malezi."

Hapo ndipo palipokuwa na kosa, na vijana wale wa Dar walilifanya kwa nia njema kabisa. Walitaka mashine yao iwe na heshima, wakaifundisha kumwamkia kila anayepiga. Hawakufikiria kwamba huku kwetu shikamoo si kitu cha kufungulia mazungumzo tu. Anayekuamkia amejiweka chini yako, na wewe ukisema marahaba umempokea awe mwanao, una haki ya kumtuma, kumkanya, kumwambia shida zako. Mama aliitikia marahaba, akaamini ana mtoto. Alimweleza mguu wake. Alimweleza ndoto anazoota kuhusu baba.

"Nimekueleza hata habari za huyu," akamwambia wifi, akininyooshea kidole.

"Habari zangu gani?" nikauliza.

"Zako," akasema, akaenda kuangalia moto.

Akachinja kuku. Kwetu firigisi ilikuwa ya baba, na baba alipofariki mama akaanza kuniwekea mimi, bila kusema neno, pembeni ya sahani yangu. Siku ile tulikaa mkekani, ugali katikati, kuku na likolo pembeni, zile mboga za majani anazopika na karanga. Nikaiona firigisi ikisafiri kwenye kijiko cha mama, ikanipita mbele ya macho, ikatua kwa wifi. Wifi akataka kunipa. Mama akamzuia mkono. Nilikula ugali wangu na mchuzi, na nilimchukia wifi yangu kwa moyo wangu wote, yeye na mashine yake.

Mchana ule, wao wakiwa wanapiga soga, nilichukua simu ya mama nikaenda nayo nyuma ya bani. Nikapiga ile namba.

"Shikamoo! Karibu sana. Leo nikusaidie nini?" Sauti ya wifi, na kicheko kidogo ndani yake.

"Mama yangu anakwambia nini kuhusu mimi?" nikauliza.

"Samahani, hilo siwezi kukusaidia. Unaweza kuniuliza kuhusu mahindi, tumbaku au korosho."

Nikamtukana. Sitaandika hapa nilichosema. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia pole sana, akaniuliza tena kama nina swali la mahindi. Hakuchoka wala hakukasirika. Nilimwonea wivu hata kwa hilo, maana mimi kwa mama nachoka upesi.

Haikupita muda mrefu tukaletewa tangazo redioni. Nililisoma mwenyewe. Wananchi wote walikaribishwa kwenye ukumbi mmoja mjini kutoa maoni kuhusu mwongozo wa kutumia mashine hizi za akili mnemba katika huduma za watu. Nikajua pa kwenda.

Ukumbi ulijaa. Wakulima wa Namtumbo walikuwepo, na wafanyabiashara wa korosho kutoka Tunduru waliovaa kofia zao safi, na walimu, na wale vijana wa Dar wamekaa mbele na kompyuta zao. Wifi yangu alikaa karibu yangu, akanishikia pochi. Ofisa aliyeendesha mkutano alisema serikali haitaki kukataa mambo mapya, wala haitaki watu wake waumie, ndiyo maana imekuja kusikiliza kwanza. Watu wakauliza maswali makali kuliko alivyotarajia. Mkulima mmoja aliambiwa na mashine apande mapema, akapanda, mvua ikachelewa, mbegu zikaoza.

"Jirani yangu akinishauri vibaya naenda kugonga mlango wake," akasema. "Huyu mlango wake uko wapi?"

Mama mmoja akataka kujua maneno anayoyasema kwenye simu yanawekwa wapi, na nani anayasikiliza. Ofisa akaandika, akasema mwongozo utaweka wazi nani anawajibika. Watu wakaguna.

Nikanyoosha mkono. Niliposimama sikuhitaji kipaza sauti. Nilitumia ile sauti yangu ya vifo, na ukumbi ukanyamaza kama jikoni za watu zinavyonyamaza nikianza kusoma misiba redioni.

"Mashine isipewe shikamoo," nikasema. "Shikamoo ni ya mtu. Mama yangu ni mjane. Ameamkiwa na mashine, akaitikia, akadhani amepata mtoto. Amemwita shambani, mtoto hakuja. Ni heshima gani hiyo ya kumdanganya mzee? Kama ni mashine, iseme ni mashine, kabla haijasema neno lingine lolote. Na isitumie kicheko cha mtoto wa watu kuingia nyumbani kwa mtu."

Makofi yalipigwa mpaka vumbi likashuka kwenye feni. Mzee mmoja wa Tunduru akasimama kuniunga mkono.

"Hata sisi tukisema asalaam aleikum, tunamwombea mtu amani," akasema. "Salamu ni dua. Mashine inamwomba nani?"

Makofi tena. Ofisa akaandika kila kitu. Yule binti wa Dar naye akaandika, kichwa chini, na nadhani alikuwa amenielewa kweli. Kila nilichosema kilikuwa sawa, ningekirudia hata leo. Ila mimi nilisimama pale kwa sababu ya firigisi.

Tulipotoka nilimsubiri wifi anune. Nilitaka anune. Nilitaka tugombane pale pale nje, nimwambie yote. Akanirudishia pochi yangu, akasema, "Wifi, umesema vizuri. Hata mimi lilikuwa linanikosesha raha. Mimi niliwakubalia sauti ya kusomea mambo ya mbolea, shikamoo hawakuniuliza. Wazee wanasema marahaba, na mimi mwenyewe sipo."

Unamfanya nini mtu wa namna hiyo? Nilimwambia twende, jua kali.

Maoni yetu yalifanyiwa kazi upesi, angalau kwa upande wa wale vijana. Hawakungoja mwongozo wa serikali ukamilike. Siku moja nilipiga ile namba nikiwa jikoni nikasikia, kwa sauti ileile ya wifi lakini kavu, bila kicheko: "Habari. Hii ni mashine, si mtu. Unaweza kuuliza kuhusu mahindi, tumbaku au korosho." Nikapiga mara ya pili ili niisikie tena. Nilifurahi, sitaficha. Nikaweka simu mezani nikasubiri mama yangu anirudie.

Alipiga kesho yake.

"Nimepiga kule," akasema. "Inasema si mtu."

"Ndiyo, mama. Wifi alikwambia siku ile."

"Nilidhani utani." Nikasikia kuku wake nyuma yake. "Kwa hiyo siku zote hizo nilikuwa naongea peke yangu?"

Pale ukumbini nilikuwa nimemfikiria mama kama mtu aliyedanganywa. Sikuwa nimefikiria kwamba ukimwambia ukweli unamwachia nyumba tupu. Nikasema haraka, "Mama, uwe unaongea na mimi. Nitakupigia kila siku."

"Wewe ukinipigia unanitangazia," akasema. Hakusema kwa ubaya, alisema tu. "Nakaa nasubiri useme nani amekufa. Mwenyewe yuko hapo?"

"Nani?"

"Mwenye sauti."

Alikuwepo, sebuleni, anapiga pasi. Nilifikiria kusema hayupo. Nikampelekea simu. Wifi akaipokea kwa mikono miwili, akapiga goti dogo pale kwenye sakafu, mbele ya meza ya pasi, mama akiwa mbali kule hamwoni, akasema, "Shikamoo, mama." Marahaba ya mama niliisikia kutoka mlangoni nilipokuwa nimesimama.

Tangu siku ile wanaongea. Si mashine tena, ni wao wenyewe, karibu kila siku kazi zikiisha. Anamweleza mguu, anamweleza ndoto, na wifi naye anamweleza mambo yake, mpaka habari za mchumba wake ambaye mume wangu hajamjua bado. Wanacheka. Mama yangu ana kicheko ambacho sikukijua, kinaanzia tumboni. Mashine niliishitaki mbele ya ukumbi mzima, watu wakapiga makofi, ikaacha shikamoo. Sasa wifi yangu nimpeleke kwenye mkutano gani? Ni mtu, anasema shikamoo yake mwenyewe kwa mdomo wake mwenyewe, na hajakosa chochote.

Juzi nilipita sebuleni makusudi, nikajifanya natafuta chaja. Wifi akaninyooshea simu. "Mama anakuulizia," akasema, na alifurahi kwa ajili yangu, hilo ndilo baya zaidi.

Nikaichukua. Nikasema shikamoo, mama akasema marahaba. Nilikuwa na mengi, nilikuwa nimeyapanga siku nyingi, kuhusu baba, kuhusu siku aliyonipita na mikono yangu imefunguka. Nikasikia sauti yangu, nzito, imenyooka, ikimuuliza kama mahindi ameshayawekea mbolea.

"Nimeweka," akasema mama. "Haya, mrudishie mwenzako simu."

Nikamrudishia.